Dhamana ya serikali kwa nyumba ya askari

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya wanajeshi na wake zao, mama wajane, watumishi wa benki na wanafunzi wa sheria

Waheshimiwa viongozi, ndugu zangu maafisa na askari, mama zetu mliotoka kambini na mliotoka mitaani, ndugu wa benki, wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kukubali kukaa hapa mchana huu kusikiliza jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa malalamiko, nami nitajaribu kulizungumza kwa hesabu na kwa sheria. Jambo lenyewe ni hili: serikali imsaidieje mwanajeshi kununua au kujenga nyumba yake mwenyewe akiwa bado kazini, na msaada huo uandikweje ili usikatike siku anapohamishwa au siku anapokufa. Msimamo wangu nautanguliza ili yeyote asinitafute katikati ya maneno. Siamini kwamba serikali ianze kugawa nyumba kwa askari, wala kwamba ifungue benki yake yenyewe ya kuwakopesha. Naamini isimame mdhamini kati ya askari na benki, ibebe sehemu ya riba, na ichukue juu yake ile hatari moja ambayo hakuna benki wala kampuni ya bima itakayokubali kuichukua, nayo ni kifo cha vitani.

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inamhakikishia kila Mkongomani haki ya makazi yenye heshima, pamoja na maji ya kunywa na umeme, kisha inaachia sheria ya kawaida ieleze namna haki hiyo itakavyotekelezwa. Kwa mwanajeshi, namna iliyozoeleka imekuwa kambi. Kambi Vangu ya hapa mjini, ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la Massart, na Kambi Saio ya kule Bukavu ni urithi wa enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni, na tangu enzi hizo mantiki haijabadilika: nyumba inamfuata askari maadamu yuko kwenye orodha ya kikosi, na jina lake likitoka kwenye orodha, nyumba nayo inatoka mikononi mwa watoto wake. Familia zimeongezeka, vyumba havikuongezeka, na wengi wenu mmeshatoka kambini na kupanga katika mitaa ya mji huu, Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, mahali ambapo mwenye nyumba anataka garanti, yaani fedha za kutanguliza, ya miezi kadhaa kabla hajakukabidhi ufunguo, na ambapo kila uhamisho unamaanisha garanti nyingine katika mji mwingine.

Mwezi wa 3 mwaka 2025 serikali iliongeza mishahara ya wanajeshi na polisi ikawa mara mbili ya ile ya awali. Nililipokea jambo hilo kwa furaha, na bado nalifurahia. Lakini mshahara ulioongezwa, ukiishia kwenye kodi ya nyumba ya mtu mwingine, haujengi kitu ambacho mtoto wa askari atakirithi, na hapa ndipo hoja yangu inapoanzia.

Swali la kwanza ambalo ndugu wa benki huulizwa ni kwa nini hawamkopeshi askari fedha za nyumba, na mara nyingi jibu linatafutwa katika ubaya wa mioyo yao. Mimi nalitafuta katika hesabu. Tuchukue mfano wa kufikirika, wa kufanyia hesabu tu: sajini anataka nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, na baada ya kukusanya akiba yake na ya mke wake anabaki kuhitaji mkopo wa dola 12,000. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka na muda wa miaka 10, atalipa karibu dola 216 kila mwezi, na mwisho wa muda atakuwa ametoa karibu dola 26,000, yaani zaidi ya mara mbili ya alichokopa. Riba ikishuka hadi asilimia 6 kwa muda uleule, malipo yanakuwa dola 133 kwa mwezi na jumla inakuwa karibu dola 16,000. Muda ukirefushwa hadi miaka 20 kwa riba hiyo ya asilimia 6, malipo yanashuka mpaka dola 86. Sasa jaribuni kurefusha muda kwa riba ya asilimia 18 bila kuigusa riba yenyewe: malipo yanashuka kutoka dola 216 hadi dola 185 tu, kwa sababu karibu kila kinacholipwa kinamezwa na riba kabla hakijagusa deni. Wanaosema kwamba dawa ni kumpa askari muda mrefu zaidi wanapaswa kuitazama hesabu hii, kwa maana muda mrefu juu ya riba kubwa haumsaidii mtu, unamfunga tu kwa miaka mingine 10.

Na riba yetu ni kubwa kwa sababu zinazojulikana. Mwezi wa 8 mwaka 2023 Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 11 hadi asilimia 25 ili kuizuia franka isiendelee kuporomoka, na riba ya msingi ilipofika huko hakuna benki ambayo ingekopesha kwa franka kwa bei nafuu. Ndiyo sababu mikopo mikubwa hutolewa kwa dola, huku mshahara wa askari ukihesabiwa kwa franka, na hivyo kila franka inapoanguka deni la askari linapanda bila yeye kukopa hata senti moja zaidi. Mpango wowote wa nyumba za wanajeshi usiosema nani anabeba tofauti hiyo ya fedha ni mpango utakaowaumiza haohao uliokusudia kuwasaidia. Kwangu mimi, aibebe yule anayelipa mshahara, kwa maana ndiye aliyechagua kuulipa kwa franka.

Turudi sasa kwa neno dhamana, na nitawapeleka mbali kidogo. Tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa na majeshi ya washirika yakiwa yametua Normandie wiki mbili tu na siku chache kabla, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia sahihi sheria ya kuwarudisha askari katika maisha ya kawaida. Sheria hiyo ilihusu masomo, ilihusu posho ya wasio na kazi, na ilihusu nyumba. Katika upande wa nyumba, serikali ya Marekani haikumjengea askari wala haikumkopesha. Ilimwendea mwenye benki na kumwambia: mkopeshe mtu huyu, riba isizidi asilimia 4, muda usizidi miaka 20, na akishindwa kulipa mimi nitakulipa nusu ya mkopo, mradi isizidi dola 2,000. Kiwango hicho kiliongezwa kikawa mara mbili mwaka uliofuata, na hadi mwaka 1952 idara ya maveterani, yaani askari wa zamani, ilikuwa imedhamini karibu mikopo ya nyumba milioni 2.4.

Angalieni jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, maana ndicho ningependa tukichukue. Leo dhamana ya Marekani kwa kawaida ni robo ya mkopo. Tuseme mtu amekopeshwa dola 12,000 na ameshindwa kulipa tangu mwanzo. Nyumba inauzwa kwa mnada na kupata dola 9,000. Serikali inalipa zile 3,000 zilizopungua, na benki haipotezi mtaji wake. Kwa sababu benki inajua hivyo tangu siku ya kwanza, haimdai askari fedha za kutanguliza, ambazo ndizo zinazowakwamisha wengi, na inakubali riba ya chini kuliko ile inayomtoza mtu mwingine. Wengi hulipa madeni yao, kwa hiyo serikali hutoa fedha kwa wale wachache tu wanaoanguka, na kwa hazina maskini kama yetu hilo lina uzito mkubwa: franka bilioni moja zikitumika kujenga nyumba hujenga nyumba zile na kwisha, lakini zikiwekwa kama mfuko wa dhamana ya robo zinasimama nyuma ya mikopo yenye thamani mara nne, na mkopo mmoja ukilipwa zinahamia kwenye mwingine. Mkopaji wa Marekani naye huchangia mfuko huo: anayetumia haki hii kwa mara ya kwanza bila kutanguliza fedha hulipa asilimia 2.15 ya mkopo, isipokuwa anayepokea fidia ya ulemavu alioupata kazini, ambaye halipi chochote.

Lakini siwezi kuwaeleza uzuri wa sheria hiyo na kuficha aibu yake. Kwa kuwa uamuzi wa kukopesha ulibaki kwa benki, na benki za majimbo ya kusini hazikutaka kumkopesha mtu mweusi, dhamana ya serikali iliishia mlangoni. Katika jimbo la Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo zaidi ya 3,000 iliyodhaminiwa na idara ya maveterani, miwili tu ilikwenda kwa maveterani weusi, watu waliovaa vazi lilelile la kijeshi na kupigana katika vita vilevile. Sheria haikuandika popote kwamba mweusi asikopeshwe. Ilikaa kimya tu juu ya nini kifanyike anapokataliwa, na kimya hicho kilitosha. Kwetu sisi katika mji huu, ambao umewahi kuona majirani wakifukuzana kwa sababu ya jimbo walikotoka baba zao, somo hilo halihitaji mkalimani. Sheria yetu iseme wazi kwamba askari haulizwi ametoka wapi. Kwamba benki inayokataa inatoa sababu kwa maandishi. Kwamba aliyekataliwa ana mahali pa kukata rufaa. Na kwamba kila mwaka orodha inatangazwa, ikionyesha ni mikopo mingapi ilikwenda kwa makoplo na masajini, mingapi kwa makanali, na mingapi kwa wanawake walio jeshini. Dhamana ambayo makanali peke yao wanaipata ni zawadi kwa makanali, na mimi sitaipigania.

Nchi nyingine zimechagua njia nyingine, nami nitazipitia haraka. Uingereza, tangu mwezi wa 4 mwaka 2014, humkopesha mwanajeshi wake mpaka nusu ya mshahara wa mwaka, bila kuzidi pauni 25,000, bila riba, na kumkata kidogo kidogo kwa miaka 10, ili apate fedha za kutanguliza. Australia ilianza na sheria ya nyumba za askari wa vita mwaka 1918, na tangu mwaka 2008 ina mpango ambao serikali hulipa kila mwezi sehemu ya riba ya mkopo wa nyumba wa mwanajeshi. Karibu nasi zaidi, wanajeshi wa Uganda wana chama chao cha akiba na mikopo, kilichoanza mwaka 2005, ambamo kila mwanachama huchangia kutoka mshahara wake na kukopa humohumo. Mama zetu wa likelemba, wanaochanga na kupokea kwa zamu, wataielewa mara moja njia hiyo ya Uganda, nami naiheshimu sana, ila inafaa zaidi kwa kununua mabati na kumaliza ukuta kuliko kwa kununua nyumba nzima, kwa sababu akiba ya watu wenye mishahara midogo haiwezi kukaa imefungwa miaka 20.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi za watu. Basi tuikumbuke historia yetu wenyewe, ambayo ina mazuri yake hata katika miaka migumu. Mwaka 1952 utawala wa Kibelgiji uliunda ofisi ya miji ya Waafrika, iliyojenga makazi Kinshasa, Kisangani, Bukavu na hapa Lubumbashi, na watu waliweza kuinunua nyumba kwa kulipa kidogo kidogo. Mwaka 1955, baada ya ziara ya Mfalme Baudouin, ulianzishwa mfuko wa kuwasaidia wenye kipato kidogo wajenge. Sina nia ya kuusifu ukoloni, uliotutenga mitaa kwa rangi ya ngozi na kutupangia hata saa ya kulala; nasema tu kwamba wazo la serikali kumwezesha mfanyakazi wa Kikongomani kuwa na nyumba lilishatekelezwa juu ya udongo huu. Na upande wa pili wa historia hiyohiyo tunaujua vizuri Lubumbashi kuliko mahali pengine popote: makambi ya Union Minière, kompanyi ya madini ya enzi za ukoloni, ambamo nyumba ilikuwa ya kompanyi, na aliyeacha kazi aliacha pia paa lake. Njia hizo mbili zote zimepita hapa, na kwa askari tuliendelea na ile ya pili.

Sasa nifike kwenye hati, ambapo mipango mingi mizuri hufia. Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya taifa peke yake, na sisi raia tunapewa haki ya kuitumia, ambayo kwa Mkongomani inaweza kuwa ya kudumu. Ushahidi kamili wa haki hiyo ni hati ya usajili, tunayoiita kwa kawaida sertifika, inayotolewa na konservateri, yaani msajili, wa hati za viwanja. Na ni juu ya sertifika tu ndipo benki inaweza kuandikisha rehani. Karatasi ya mauzo iliyopigwa muhuri na mkuu wa mtaa, ambayo wengi wenu mnaitunza sandukuni mkiamini ni hati, inathibitisha kwamba mlinunua, lakini benki haiwezi kuishika. Njia kutoka karatasi hiyo hadi sertifika inapita kwenye vipimo vya kadastri, ofisi ya upimaji wa ardhi, kwenye mkataba wa kupangishwa na serikali, na kwenye ada nyingi, na askari aliyeko Kalemie au Ituri hawezi kuwa anakwenda ofisini kila wiki kuuliza faili lake limefikia wapi. Kama serikali inataka kutoa msaada wa kwanza ambao haugharimu karibu chochote, iwasamehe wanajeshi wa ngazi za chini ada za hati ya nyumba yao ya kwanza, na iruhusu mke mwenye barua ya idhini afuatilie faili kwa jina la familia.

Nasema familia kwa makusudi, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, kwa sababu hili ndilo lililonitoa nyumbani. Askari anapokufa, familia yake inakabiliwa na mambo matatu kwa pamoja. Kwanza mshahara unasimama, na karatasi za kuugeuza kuwa malipo ya mjane huchukua muda mrefu. Pili, kama wanaishi kambini, siku moja atakuja mtu kuwaambia kwamba chumba kinahitajika. Tatu, kama kuna nyumba yenye jina la marehemu peke yake, ndugu wa marehemu watakuja, wengine kwa huzuni ya kweli na wengine kwa tamaa, na mama atajikuta anajieleza mbele ya watu aliowapikia miaka 15. Sheria iko upande wake: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto mbele ya warithi wote na inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi. Lakini mjane anayetetea haki hiyo mahakamani huku hana mshahara na anadaiwa na benki kila mwezi hana nguvu ya kuisubiri hukumu. Kwa hiyo masharti ya dhamana yataje tangu mwanzo kwamba sertifika ya nyumba iliyonunuliwa kwa msaada wa serikali inaandikwa majina ya wanandoa wote wawili, na kwamba benki haikubali rehani yenye jina moja pale ambapo ndoa ipo.

Na deni lenyewe je? Benki hapa, kama popote, humtaka mkopaji awe na bima ya maisha itakayolipa deni akifa. Tangu sheria ya bima ya mwaka 2015 ilipoondoa ukiritimba wa kampuni ya serikali, kampuni za bima zimeongezeka, na mwalimu au muuzaji wa duka anaweza kuipata bima hiyo. Lakini someni mikataba ya bima ya maisha, hata ya nchi tajiri, na mara nyingi mtakutana na sentensi inayoondoa kifo kilichosababishwa na vita. Kampuni ina sababu zake, kwa maana katika siku moja ya mapigano inaweza kudaiwa vifo vingi kwa pamoja. Maana yake kwetu ni kwamba askari analipia bima inayomkinga na malaria na ajali ya pikipiki, ila haimkingi na risasi, ambayo ndiyo serikali imemtuma akaikabili. Hatari hiyo haina mnunuzi sokoni. Aliyeituma roho ya mtu huko ndiye anayepaswa kuibeba, na njia ya kuibeba ni fupi: askari akifa kazini, hazina ya serikali inailipa benki deni lote lililobaki, na mjane na watoto wanabaki na nyumba isiyo na rehani.

Hapo kuna jambo ambalo lilionekana wazi mwaka 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi wa 1 na Bukavu katikati ya mwezi wa 2. Kuna askari waliokufa na wakazikwa na wenzao wakishuhudia, na kuna wengine ambao familia zao hazijui mpaka leo kama wako hai. Mke wa aliyetoweka si mjane mbele ya sheria, na utaratibu wa mahakama wa kumtangaza mtu kuwa ametoweka unakwenda kwa mwendo wa miaka, ilhali benki inahesabu kwa miezi. Sheria ya dhamana isiposema chochote juu ya aliyetoweka, mama huyo ataipoteza nyumba kabla mahakama haijamwambia kama mumewe amekufa. Mimi napendekeza malipo yasimame tangu tarehe ya ripoti ya kamanda wa kikosi, hazina ilipe riba ya kipindi hicho, na nyumba isiuzwe mpaka mahakama itakapotamka.

Vilevile benki za Goma zilifunga milango, na nyumba zilizobaki huko ziko chini ya mikono mingine. Askari aliyekopa kwa ajili ya nyumba ya Goma, kisha akarudi nyuma na kikosi chake, hawezi kuikaa, hawezi kuipangisha wala kuiuza. Wamarekani walilifikiria jambo la aina hii kabla hata hawajaingia katika Vita Vikuu vya Pili: sheria yao ya mwaka 1940, ambayo ilifanywa upya mwaka 2003, inazuia nyumba ya askari aliyeko kazini, aliyoiweka rehani kabla ya kuitwa, isiuzwe bila amri ya mahakama, na inashusha hadi asilimia 6 riba ya madeni aliyoingia kabla ya kuitwa. Sisi tunahitaji kifungu cha namna hiyo zaidi yao, na tunahitaji pia nakala za daftari za hati za viwanja zitunzwe katika mji wa pili, ili mji ukishikwa haki za watu zisishikwe pamoja nao.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini askari apewe haya na mwalimu asipewe, au muuguzi wa hospitali ya Sendwe. Ni swali la haki, na yeyote anayewapenda walimu wetu lazima aliulize. Siku serikali itakapoweza kumdhamini mwalimu nitakuwa wa kwanza kushangilia. Ninaanza na askari kwa sababu yeye hawezi kukataa uhamisho, hawezi kufanya kazi ya pili jioni kwa halali, na anabeba hatari isiyokatiwa bima popote. Wenye umri wangu mnakumbuka pia mwezi wa 9 mwaka 1991, uporaji ulipoanza Kinshasa na kuenea mpaka kwetu. Waliouanzisha walikuwa wanajeshi ambao mshahara wao ulikuwa umekwisha kumezwa na kupanda kwa bei. Sisemi kwamba sertifika ya nyumba ingeuzuia. Nasema kwamba jeshi lisilo na chochote cha kupoteza katika mji linaoulinda ni hatari kwa mji huo.

Wengine wananiambia kwamba fedha zitaliwa. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake tunalo tayari, ingawa halijakamilika. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Umoja wa Ulaya, jeshi letu lilianza kutenganisha mkondo wa amri na mkondo wa mshahara, askari wakahesabiwa na kupewa vitambulisho, na baadaye malipo yakaanza kupita benki badala ya kupita mkononi mwa kamanda. Bila hatua hiyo hotuba yangu isingekuwa na maana, kwa sababu benki inataka kuona mshahara ukiingia kila mwezi kwa jina la mtu aliye hai. Mkopo wa nyumba ukatwe hapohapo, usizidi theluthi ya mshahara, na askari apate ujumbe kwenye simu yake ukimwonyesha kiasi kilichokatwa na deni lililobaki. Dawa ya deni ni kulipa, nami sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani nimekuja kuomba mikopo isiyolipwa. Ila anayelipa ana haki ya kujua analipa nini.

Tusianze na jeshi zima. Tuanze na jimbo hili la Haut-Katanga, na askari na masajini waliotimiza miaka kadhaa kazini, na tuwatangulize walemavu wa vita ambao bado wana uwezo wa kulipa sehemu. Mfuko wa dhamana ukiwa mdogo, makosa yake nayo yatakuwa madogo na yatarekebishika.

Nimeandika rasimu ya vifungu vitano, kile cha kifo na cha aliyetoweka vikiwa mbele, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili tuipeleke kwa wabunge wa jimbo na wa taifa waliochaguliwa na mji huu. Nakala ziko mezani karibu na mlango. Ndugu wa benki, ninawaomba muandike pembeni mwa kifungu cha riba kiwango ambacho mngekubali kukopesha kama serikali ingedhamini robo ya mkopo. Na ninyi mama wajane, kaeni na wanafunzi wa sheria muwaambie kila mahali ambapo maneno yangu hayalingani na yaliyowapata, wayaandike kabla hatujatia sahihi.